Msumari wa Saba

Mwalimu Mgaya alikuja Keko siku ya Jumanne,
vumbi la chaki lingali kwenye mkunjo wa shati,
akaomba kibao.
Si kitanda, si kabati la vyombo, si meza ya televisheni.
Kibao. Futi moja kwa futi moja,
misumari kumi na mmoja kwenda,
misumari kumi na mmoja kupanda,
vichwa vitokeze kiasi cha ukucha.

Nikamuuliza: Utaanika nini hapo, mwalimu, dagaa?
Akacheka kidogo, kicheko cha mtu wa mshahara,
akasema: Grafu.

Mimi na grafu tuliachana darasa la sita,
kwa ugomvi, bila talaka.
Lakini mbao ninazijua.
Nikachukua kipande cha mninga,
masalio ya kitanda cha bwana harusi mmoja wa Tandika,
nikapiga randa, nikapiga msasa
mpaka ubao ukawa kama shavu.
Misumari mia moja ishirini na mmoja
niliigonga nikiihesabu kwa sauti, vijana wangu wakinicheka.
Raba nilizikata kwenye tyubu ya baiskeli,
nyembamba kama tambi.
Nikataja elfu nane. Hakubishana.
Hapo nikajua pesa ilitoka mfukoni mwake.

Wiki mbili.

Akarudi, safari hii na msichana:
sare ya shule, soksi moja imeshuka,
kibao kakikumbatia kama sinia la maandazi.
Huyu ni Sikudhani, akasema mwalimu. Ana neno.

Uso wake ulielekea kule kunakolia msumeno.
Shikamoo, fundi.
Kisha, bila kupamba:
Mstari wa nne, msumari wa saba, umekaa kando.

Mwanangu, nikamwambia,
mimi nimo katika kazi hii tangu hujazaliwa.
Akajibu: Naam. Lakini umekaa kando.

Nikaleta rula. Nikaleta miwani.
Milimita nne.
Milimita nne, jamani, kwenye kitanda
hazimwamshi mtu.

Lakini wiki mbili nzima raba yake ilipofika pale ilipinda,
na wiki mbili jibu lake lilipewa mkasi,
na wiki mbili yeye alilitafuta kosa kichwani mwake,
akapapasa upya, akahesabu upya,
akaamini mti kuliko vidole.

Mwalimu Mgaya alitazama viatu vyake.
Nilimkosesha mimi, akasema.
Nikasema: Hapana, ni mimi.
Sikudhani akasema: Mna koleo au hamna?

Msumari ulitoka ukilia.
Akaweka kidole chake pale, mimi na nyundo yangu hewani,
moyo unanidunda kama fundi wa siku ya kwanza.
Kushoto. Kidogo. Umepita. Rudi.
Hapo.
Akaondoa kidole. Nikagonga.

Akatundika raba tena, kutoka pembe ya chini.
Nikamuuliza mstari huo unasema nini.
Akaushika mkono wangu, huu wenye kidole kifupi
kilicholiwa na mashine mwaka wa mafuriko,
akakipitisha juu ya mpira:
Mbili kwenda, moja kupanda.
Mbili kwenda, moja kupanda.
Ndivyo hivyo tu, mpaka ukingoni.

Na ubao ukiisha?
Ubao ndio unaoisha, fundi. Mstari haujui habari hiyo.

Darasa la sita walinichora grafu ubaoni
mwaka mzima, na macho yangu mawili,
sikuiona.

Mwalimu ameagiza vingine sita.
Safari hii kabishana bei mpaka jasho likamtoka.
Havitatoka karakana kabla Sikudhani hajavipitia,
kila Jumamosi, msumari kwa msumari.
Nilimwambia nitamlipa mia tano kwa kibao.
Akanyamaza, midomo ikicheza,
akazidisha misumari kwa vibao, akagawa kwa saa,
akasema nimempunja,
na hesabu yake, nimeirudia mara tatu,
haina kosa.